Anayeandika Ndiye Anayepunguza

Tangazo liliingia nyumbani kwa fundi viatu likiwa kwenye gazeti lililofungia buti la mtu mwingine. Mwenye buti aliliweka barazani, akasema soli imemwaibisha katikati ya barabara mbele za watu, akaenda zake na kandambili. Fundi viatu akalifungua lile gazeti, akalitandaza juu ya goti ili gundi isimchafue suruali, na kabla hajachovya brashi akaona picha ya ndege yenye pua kali kama shazia lake la kushonea. Akamwita bintiye aliyekuwa ndani:

"Kitinda! Njoo unisomee hapa, macho yangu leo yamegoma."

Macho hayakuwa yamegoma. Mstari wa kwanza alishausoma. Alitaka tu mtu mwingine ausome kwa sauti, ajue kama wameona kitu kimoja.

Kitinda alikuwa kitindamimba wa nyumba hiyo, na jina lake la daftarini lilitumika shuleni tu. Alitoka na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Miaka yake ilikuwa kumi na tisa, na cheti chake cha sekondari kilikuwa na alama ya fizikia ambayo mwalimu mwenyewe aliizungushia wino mwekundu kwa furaha. Alisoma akiwa amesimama. Jeshi la anga linatafuta vijana, wa kiume na wa kike, wa kusomea uafisa na urubani. Awe na umri wa miaka kumi na nane hadi ishirini na minne. Awe hajaoa wala kuolewa. Awe amefaulu hisabati na fizikia. Awe na macho yasiyohitaji miwani. Awe na urefu usiopungua sentimita mia moja na sitini. Maombi yajazwe kwa kompyuta kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, saa kumi jioni.

Alipofika mwisho alirudi juu, akasoma tena, safari hii kimoyomoyo.

"Rubani wa nini?" mama yake aliuliza kutoka mlangoni.

"Wa ndege, mama."

"Ndege za abiria?"

"Za vita."

"Hawana nyingine?" mama alisema, kama mtu aliyeonyeshwa kitambaa asichokipenda rangi.

Fundi viatu akacheka mpaka brashi ikamdondoka. Ndani, dirishani, cherehani ya Dada, mkubwa wake Kitinda, ilikuwa inakimbia, na kwa kelele zake Dada alisikia neno moja tu katika yote yaliyosomwa: rubani. Hakusimama. Ila mguu wake ulipunguza mwendo juu ya pedeli, na mshono ukatoka na hatua ndogo ndogo kuliko kawaida.

Dada alikuwa amemaliza darasa la saba, akatoka na cheti chake akakiweka chini ya godoro, akakaa kwenye kiti kile. Hakuna aliyemlazimisha. Watu walijua tu kwamba cherehani ni moja, shule ni ghali, na yeye ndiye mkubwa. Sasa cherehani zilikuwa mbili, ya kwake na ya mama, ila ya mama ilikuwa imefunikwa shuka, kwa sababu macho ya mama yalishindwa kutunga uzi. Miaka minne sasa Dada alikuwa anafanya kazi ya watu wawili.

"Dada," Kitinda alisema akiwa ameingia na gazeti mkononi na penseli ya baba yao nyuma ya sikio. "Nipime."

"Nguo gani?"

"Si nguo. Nipime mimi, urefu."

*

Tepu ya kupimia ya nyumba hiyo ilikuwa na kasoro iliyojulikana na watu wanne tu duniani. Ilikuwa tepu ndefu, ya kupimia mapazia. Zamani bati la nchani lilikatika, utepe ukaanza kuchanika nyuzi nyuzi, na mama, enzi hizo macho yake bado yanaona chawa kwenye blanketi, akachukua mkasi akaikata pale pale penye namba tatu. Tangu siku hiyo tepu ilianzia tatu. Na kwa kuwa mama ndiye aliyekuwa anapima na kutaja namba, na Dada akiandika kwenye daftari la wateja, waliwekeana sheria ili wasichanganyane: anayesoma asome kama ilivyo; anayeandika ndiye anayepunguza tatu.

Sheria hiyo iliingia katika damu ya nyumba. Fundi viatu akiazima tepu, alipunguza. Kitinda alipokuwa darasa la pili aliambiwa na mwalimu aonyeshe rula inaanzia wapi, akasema tatu, na darasa zima likamcheka. Mara ngapi wateja walioiona ilivyochakaa walimwambia mama anunue mpya! Naye alikuwa na jibu lake moja:

"Tepu mpya haijawahi kumkumbatia mtu."

Basi Kitinda alivua kandambili, akaegemea mwimo wa mlango. Mama alipiga goti, akaibana ncha ya tepu chini kwa kidole gumba. Dada alipanda kwenye kigoda, akaweka daftari juu ya kichwa cha mdogo wake liwe kama paa, akanyoosha tepu, akasogeza macho.

"Usivute shingo."

"Sivuti."

"Unavuta. Unataka kuwa twiga?" Dada alisoma. "Mia moja sitini na moja."

Kitinda aligeuka, akaegemeza gazeti ukutani, akaandika pembeni. Aliitazama ile namba aliyoandika. Akalikunja gazeti mara mbili, halafu mara nne.

"Vipi?" Dada aliuliza akiwa bado juu ya kigoda.

"Basi. Sifai. Nimepungua."

"Sana?"

"Kidogo tu. Lakini jeshi halina kidogo." Akatabasamu upande mmoja, akarudi uani kwenye nguo zake na povu lake.

Dada hakuuliza jeshi linataka ngapi. Alishuka kwenye kigoda, akasikia kitu kikishuka pamoja naye, kifuani, polepole na kwa raha, kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Hakukipa jina. Akakaa, akakanyaga pedeli.

*

Siku iliyofuata Kitinda aliivua shuka ile cherehani ya mama, akaipangusa vumbi, akaitia mafuta.

"Nifundishe," alisema.

Ilikuwa wiki njema. Dada hakuwahi kuwa na wiki kama hiyo. Zile cherehani mbili zilikaa zimetazamana dirishani, na wao wawili wakawa wanashona magoti yao yakikaribia kugusana, wakiwasema wapita njia. Ya mama ilikuwa inayumba mguu mmoja. Kitinda akaikingia karatasi iliyokunjwa, ikatulia. Alikuwa anajifunza haraka kama aliyetumwa. Siku ya pili alishajua kutia zipu. Siku ya tatu alikuwa anashona pindo lililonyooka, ila alikuwa haimbi. Dada aliliona hilo. Mdogo wake tangu utotoni hawezi kufua, kufagia wala kumenya kitu bila kuimba, na sasa alikuwa kimya kama uzi uliokatika ndani ya sindano.

Barazani, fundi viatu naye alikuwa na lake. Kitinda alimwambia amepungua sentimita mbili. Mzee alichukua viatu vyeusi ambavyo mwenyewe hakurudi kuvichukua mwaka wa pili huo, akavifungua tumbo. Akakata ngozi, akabandika juu ya ngozi, akapiga nyundo, akabandika tena. Jioni ya siku ya tatu akamwita.

"Vaa hivi."

Kitinda alivaa. Akapanda juu ghafla, akashika ukuta.

"Umeona?" fundi viatu alisema. Uso wake ulikuwa unang'aa kama vile viatu. "Kwa nje huoni kitu. Soli ya kawaida, kisigino cha kawaida. Kumbe ndani kuna ghorofa. Sentimita mbili na nusu. Hiyo nusu ni zawadi yangu."

"Baba." Kitinda alikaa chini, akaanza kufungua kamba taratibu ili asimuumize. "Wanapima peku."

Fundi viatu akaokota nyundo, akaiweka, akaokota shazia.

"Peku kabisa?"

"Kabisa."

"Hata soksi?"

"Hata soksi, baba."

"Watu gani hao," mzee alisema kwa sauti ya chini, "wanataka kumjua mtu halafu wanamvua viatu." Akavichukua, akaviweka juu kwenye rafu, pua zimetazama ukuta.

Dada alikuwa anatazama kupitia dirishani. Akainamisha kichwa, akakata uzi kwa meno.

*

Katika wiki hiyo ilikuja kazi kubwa. Msimamizi wa wafanya usafi wa hospitali, mwanamke mnene mwenye sauti ya kufungulia mageti, alileta wanawake wake watano wapimwe sketi za sare, na yeye wa sita. Dada alipima, Kitinda aliandika. Jumatano zilikatwa, Alhamisi zikashonwa, jioni zikachukuliwa.

Ijumaa, saa saba na nusu mchana, msimamizi alirudi na gunia. Kitinda alikuwa ametumwa dukani kununua zipu. Mama alikuwa amelala.

"Fundi!" Barabara nzima ilisikia. "Umenishonea watu wazima au chekechea?"

Aliimwaga mizigo mezani. Sketi sita. Hakuna hata moja iliyofunga kiunoni.

"Nimewaambia labda mmenenepa jana usiku," msimamizi aliendelea. "Wote sita? Usiku mmoja? Wenyewe wamesema wewe ndiye fundi wa kuaminika. Fundi wa kuaminika! Nimekaa ofisini zipu iko wazi mbele ya daktari mkuu, nimejifunga kanga juu kama niko jikoni kwangu!"

Wapita njia wawili walisimama. Fundi viatu barazani alijifanya anatafuta msumari. Dada alihisi masikio yake yanawaka. Miaka yote hiyo, hakuna nguo iliyowahi kurudishwa namna hiyo, gunia zima.

"Nisamehe, mama. Nikupime tena."

"Pima! Mimi niko pale pale, kama jengo."

Dada alimzungushia tepu kiunoni. "Tisini na nane," alisema, akafungua daftari. Mwandiko wa Kitinda, mzuri, wa msomi, ulisema tisini na tano. Akaangalia wa pili, wa tatu. Aliwakumbuka wale wanawake. Viuno vya watu havimtoki kichwani. Kila mmoja alikuwa amepungukiwa tatu.

Akarudisha macho kwenye tepu. Kidole chake kilikuwa kimebana namba mia na moja.

Akabaki amemkumbatia msimamizi.

"Fundi, utanikumbatia mpaka lini?"

"Nimeisoma mia na moja," Dada alisema, si kwa msimamizi. "Mdomo ukasema tisini na nane."

"Ndiyo nini sasa?"

Ilikuwa hivi. Miaka minne ya kusoma mwenyewe na kuandika mwenyewe ilikuwa imemfundisha kupunguza kabla ya kutamka. Kinywa chake kilishika sheria ya mkono wake bila kumpa taarifa. Na Kitinda, mtoto wa nyumba, alipoona anaandika, alipunguza tena. Anayesoma amepunguza, anayeandika amepunguza.

"Ni kosa langu," Dada alisema. "Nimeacha mapindo ya ndani kiunoni, nitayafungua yote. Kesho asubuhi utakuwa nazo, na sitaki hata ahsante."

"Ahsante ya nini?" msimamizi aliuliza, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka, kwa kuwa aliuona uso wa huyu binti, na hakujua sketi zinaweza kumfanya mtu awe na uso kama ule. Akaacha gunia, akaondoka amejifunga kanga yake.

Dada alisimama katikati ya chumba. Mbele yake kulikuwa na mwimo wa mlango.

Mia moja sitini na moja. Alitaja yeye. Aliandika Kitinda.

Akapiga magoti chini ya cherehani ya mama, akainyanyua kwa bega, akaichomoa ile karatasi iliyokingia mguu. Ilikuwa gazeti. Akalikunjua. Dada husoma polepole, kidole kikitangulia, kama anayefuata chaki kwenye kitambaa. Awe na umri. Awe hajaolewa. Awe na urefu usiopungua sentimita mia moja na sitini. Na pembeni, kwa penseli: 158.

Akasoma na mstari wa mwisho. Ijumaa, saa kumi jioni. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane kasoro kumi.

Mtu mwingine angepiga kelele. Dada alilikunja gazeti kama lilivyokuwa, akakaa kwenye kiti chake, akaivuta sketi ya msimamizi, akaanza kufumua na kushona pindo. Cherehani ya mama mbele yake ilikuwa inayumba peke yake kidogo, halafu ikatulia imeinama. Aliwaza: hakuna anayejua. Aliwaza: ataolewa hapa hapa karibu, tutafungua duka lenye mlango wa kioo. Aliwaza goti lake likigusana na goti la mtu. Zile ndege zinaanguka, si zinaanguka? Mtu anaweza kumwokoa ndugu yake kwa kunyamaza tu, na asiwe amesema uongo hata mmoja. Pindo la sketi ile lilikuwa refu. Alishona mpaka likazunguka likarudi lilipoanzia, akarudisha mishono miwili ya kufungia, akakata uzi.

Kitinda akaingia na zipu.

"Nyeusi zimeisha, nimechukua za kijivu iliyoiva. Mbona gunia limerudi?"

"Simama mlangoni," Dada alisema.

"Nini tena?"

"Vua kandambili. Baba! Baba, njoo ushike tepu huku chini!"

Fundi viatu aliingia na gundi vidoleni. Dada alipanda kwenye kigoda, akaweka daftari kichwani mwa mdogo wake, na safari hii akasoma kwa sauti kila alichokiona, namba kwa namba, kama mtoto anayejifunza: "Mia moja. Sitini. Na nne. Hivi ndivyo tepu inavyosema. Haya, wewe msomi. Punguza mara moja."

Kitinda alipunguza. Ikabaki mia moja sitini na moja.

"Siku ile nilipunguza mimi, ukapunguza na wewe," Dada alisema. "Tumekukata mara mbili."

Fundi viatu alikuwa bado amepiga magoti, ameshika ncha ya tepu kama ameshika kamba ya mbuzi. "Kwa hiyo lile ghorofa langu..."

"Halihitajiki, baba. Chukua vyeti, Kitinda! Bahasha iko wapi?"

*

Kijana wa stesheneri aliitwa Kopi, kwa sababu hakuwa na salamu nyingine.

"Kopi ngapi?" alisema bila kuinua kichwa.

"Maombi ya jeshi la anga," Dada alisema akihema. "Mwisho saa kumi."

Kopi aliinua kichwa. Mbele yao kulikuwa na bwana mmoja mwenye orodha ndefu ya majina ya kuandikwa kwenye kadi za harusi.

"Foleni, dada," yule bwana alisema. "Na mimi nina haraka."

"Kaka yangu, nakuomba. Wewe harusi yako haifungwi leo saa kumi."

"Na yeye akikosa, ndege hazitaruka?"

"Zitaruka bila yeye. Ndiyo ninachokuomba, zisiruke bila yeye."

Yule bwana alimtazama Dada, nyuzi zimemganda kifuani, kandambili moja nyekundu na nyingine ya bluu. Akajikohoza, akasogea pembeni. "Ila haraka."

Kopi alikuwa anafungua tovuti huku anacheka chini chini. "Huyu ndiye rubani? Mimi nilijua unafundishwa cherehani. Ndege haina pedeli, mdogo wangu."

"Ina mbili," Kitinda alisema, macho kwenye skrini. "Za kugeuza usukani wa mkia. Unakanyaga kushoto, pua inakwenda kushoto."

Dada akamgeukia. "Kweli?"

"Kweli."

"Kumbe hata huko kuna pedeli," Dada alisema, na hakujua kwa nini maneno hayo yalimpa nguvu hivyo.

Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Kazi ya baba: fundi viatu. Kopi akauliza kama aandike "mfanyabiashara", inaonekana vizuri zaidi. Kitinda akasema aandike fundi viatu. Kazi ya mama: fundi cherehani. Vyeti vikapigwa picha kimoja kimoja. Mtandao ukaganda, ule mduara mdogo ukawa unazunguka, unazunguka, na watu wote wanne, hata bwana wa harusi, wakawa wanauangalia kama wanaotazama sufuria isiyotaka kuchemka. Saa tisa na dakika arobaini ukaachia.

"Urefu," Kopi alisema.

Kitinda alikuwa anamtazama dada yake.

"Mia moja sitini na moja," Dada alisema. "Andika hivyo hivyo. Usiguse."

*

Wiki sita baadaye waliitwa kwenye uwanja ulio mbele ya kambi. Fundi viatu alikuwa ameling'oa ghorofa lake alfajiri, na viatu, vilipokosa lile tumbo la ndani, vikawa vikubwa kwa Kitinda kama mitumbwi. Hakukuwa na vingine vyeusi. Mama akajaza vipande vya vitambaa kwenye vidole, akapapasa nje kwa mikono, akaridhika.

"Tembea kama mtu," alimwambia. "Usitembee kama bata."

Waombaji walikuwa wengi kuliko Dada alivyofikiri. Wasindikizaji waliwekwa nyuma ya kamba. Kulikuwa na wasichana warefu wenye viatu vya kuwatosha, waliokuja na wazazi wenye miwani ya jua. Mmoja alimtazama Kitinda akipita, kwap, kwap, kwap, akamnong'oneza mwenziwe. Dada aliona. Alishika kamba kwa mikono miwili.

Chini ya turubai kulikuwa na ubao wa kupimia, na askari wawili. Mmoja, mwembamba, alikuwa anasogeza kibao kichwani na kutaja. Mwingine, mwenye kalamu, alikaa mezani, anaandika kwenye daftari kubwa. Mmoja anasoma, mwingine anaandika. Dada alipowaona hivyo, aliinama juu ya kamba ili asikie kila namba.

Mbele ya Kitinda, kijana mmoja aliambiwa mia moja hamsini na tisa. Hakukuwa na majadiliano. Aliokota viatu vyake, akatoka kwa upande mwingine, akivaa huku anatembea.

"Wa pili. Vua viatu."

Kitinda alivua. Vitambaa vikatoka navyo: kipande cha kijivu cha sare ya hospitali, kipande chenye maua, kipande cha pazia la mtu. Vikatawanyika kwenye nyasi. Waliokuwa karibu wakacheka, na yule askari mwembamba akavitazama.

"Umekuja na duka?"

"Viatu ni vikubwa, afande."

"Panda. Visigino nyuma. Tazama mbele."

Kitinda alipanda. Hakuvuta shingo. Kibao kilishuka taratibu, kikatua juu ya nywele zake. Askari aliinama, akasogeza jicho.

"Mia moja sitini na moja!"

Mwenye kalamu akainamisha kichwa kuandika.

"Usipunguze!" Dada alisema.

Alisema kwa nguvu. Uwanja mzima uligeuka. Mwenye kalamu alisimamisha mkono hewani, akatazama kule kwenye kamba.

"Nani huyo?"

"Nisamehe, afande," Dada alisema. Alitamani ardhi ipasuke. "Ni... nyumbani kwetu anayeandika ndiye anayepunguza."

Askari wawili walitazamana. Yule mwembamba alikunja midomo ili asicheke, akarudia kwa mwenziwe polepole, kila neno na heshima yake: "Mia moja. Sitini. Na moja. Kama ilivyo." Kalamu ikashuka. Ikaandika. Dada hakuweza kuona namba kutoka pale, lakini aliuona mkono: michoro mitatu, wa katikati wenye tumbo, wa mwisho umesimama wima.

"Hema la pili, macho. Haya, wa tatu."

Kitinda aliruka chini, akaelekea hema la pili peku, mbio, bila kugeuka. Viatu alivisahau.

Askari mwembamba aliviokota, akaja navyo mpaka kwenye kamba, akampa Dada. Halafu akarudi, akainama, akaokota na vile vitambaa, kimoja kimoja, akamletea.

*

Kitinda alitoka jua likiwa limeshuka. Macho yamepita. Masikio yamepita. Wiki ijayo mtihani wa kuandika, na baadaye mingine, na katika wote wale watachukuliwa wachache. Hakuna aliyeahidiwa kitu. Walitembea kurudi nyumbani, Kitinda akiwa peku kwa hiari yake, viatu vikining'inia kwa kamba begani mwa Dada. Kitinda alikuwa anaimba kwa pua, bila kujua.

"Kitinda."

"Ee."

"Siku ile, gunia liliporudi. Nilijua kabla hujaingia. Gazeti nilikuwa nimeshalisoma." Dada alirekebisha kamba begani. "Nikanyamaza. Pindo moja zima."

Kitinda aliacha kuimba. Walipita nyumba moja, wakapita ya pili.

"Pindo la sketi ya nani?"

"Ya msimamizi."

"Ya msimamizi!" Kitinda akasimama. "Dada, lile si pindo. Ile ni safari ya kulala njiani."

Walicheka mpaka Dada akakaa kwenye ukingo wa mtaro, akajifuta machozi kwa upindo wa nguo yake, na machozi yakaendelea hata kicheko kilipokwisha. Kitinda alikaa kando yake. Goti likagusa goti.

"Nikienda, nani atakuandikia?"

"Nitasoma mwenyewe na kuandika mwenyewe. Kama zamani."

"Na kupunguza?"

Dada aliipangusa miguu ya mdogo wake vumbi kwa kiganja, kwanza wa kushoto, kisha wa kulia, akavijaza viatu vitambaa, akamvisha, akafunga kamba mafundo mawili.

"Mara moja," alisema. "Mara moja tu."